Nguo ya Jumapili

Shosho alitoka ndani akiwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Lilikuwa limepigwa pasi ya makaa, mikunjo ya mikono imesimama wima. Kichwani kitambaa cheupe, miguuni viatu vyeusi vya kufunga, bila soksi. Ilikuwa Jumatano saa nne asubuhi, mwaka wa 2022, na Mbeere nzima ilikuwa imekauka. Mvua ilikuwa imekosa msimu baada ya msimu. Ndengu zilikufa zikiwa na urefu wa kidole. Hapa Siakago watu walikuwa wanaamka usiku kupanga foleni ya maji, na mwenye muguka kidogo aliuza majani leo ili anunue unga leo.

Mimi nilikuwa nimebeba kamera ya kuazima. Shirika moja lilikuwa linanilipa elfu tatu kwa siku nipige picha za ripoti yao ya ukame, na mtu wao wa Nairobi alikuwa ameniambia kwa simu kile wanachotaka. Uhalisia, alisema. Basi nikaangalia lile gauni, nikaangalia tangi tupu lililosimama nyuma yake, nikaona haviendani. Nikamwambia, "Shosho, samahani, unaweza kurudi ndani uvae ile ya shambani?"

Akanitazama kidogo. "Kwani hao watu unaowapelekea hawajui kanisa?"

Nikacheka, naye akacheka, akarudi ndani. Akatoka na sweta iliyotoboka kiwikoni na leso kiunoni. Nikampa mtungi wa njano aushike. Nikabonyeza mara kumi na nne. Akiwa na lile gauni la bluu sikupiga hata picha moja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nataka kuandika juu ya mpiga picha wa Ukraine anayeitwa Boris Mikhailov, na nikimjadili kama hakimu, bila kujiweka mimi mwenyewe kizimbani, nitakuwa nadanganya.

*

Kama hujawahi kumsikia Mikhailov, usijali. Mimi pia nilimpata kwa bahati, usiku mmoja nikitafuta kitu kingine kabisa kwenye simu. Kitabu chake sina na sitegemei kukinunua karibuni. Nimeziona picha zake kwenye kioo kilichopasuka pembeni, bando ikiisha katikati. Nasema hivyo ili ujue naongea kutoka wapi. Jamaa wa New York amezitazama zikiwa kubwa kuliko mlango. Mimi nimezitazama zikiwa na ukubwa wa kiganja, nimelala, giza totoro, na bado zilinifanya niamke nikae.

Mikhailov alizaliwa 1938 mjini Kharkiv, mji wa viwanda mashariki mwa Ukraine. Alikuwa injinia aliyeanza kupenda kamera akiwa kazini. Maafisa wa KGB walipogundua picha za utupu alizompiga mkewe, kazi ikaisha. Enzi hizo za Sovieti kulikuwa na picha ya taifa iliyokubalika: mfanyakazi anatabasamu, mashine inang'aa, watoto wameshika maua. Ukimpiga picha mtu aliyelala barabarani ulikuwa unatafuta matatizo, maana kwa mujibu wa serikali mtu huyo hakuwepo.

Halafu mwaka wa 1991 nchi yenyewe ikavunjika. Mwaka huohuo Mikhailov alikuwa anatembea mitaani na kamera ya picha ndefu za mlalo, akiishika usawa wa kiuno, sio usawa wa jicho. Mfululizo huo unaitwa By the Ground. Picha ni za rangi ya kahawia, kama karatasi ya zamani, na watu ndani yake wanapanga foleni, wanasubiri, wanaburuta mifuko, wengine wako chini kabisa kwenye lami. Mwaka wa 1993 akarudia kitu kama hicho kwa rangi ya bluu, akauita At Dusk. Rangi hiyo amewahi kuihusisha na vita alivyovipitia akiwa mtoto mdogo. Ni picha za jioni moja isiyoisha.

Lakini kilichomfanya ajulikane, na kuchukiwa, ni Case History. Alikuwa amekaa Berlin kwa muda, akarudi Kharkiv akakuta mji umegawanyika. Upande mmoja maduka yanawaka taa na matajiri wapya wana magari meusi. Upande mwingine kuna watu wasio na makao, bomzh kama wanavyoitwa kule, ambao miaka michache tu kabla walikuwa na kazi za kiwandani na nyumba za serikali. Kati ya 1997 na 1998 aliwapiga picha kwa mamia. Kitabu kilitoka 1999. Jina lake ni lile linaloandikwa juu ya faili la mgonjwa hospitalini.

Picha zenyewe si rahisi kuzitazama. Watu wamesimama kwenye theluji wamefungua makoti, ndani hawana kitu. Wanaonyesha makovu, uvimbe, vidonda, tatuu zilizofifia. Mwanamke mzee anainua nguo yake huku anatazama kamera moja kwa moja. Wanaume wawili wamembeba mwenzao kama Yesu akishushwa msalabani. Wengine wanakumbatiana, wanabusiana, wanacheka bila meno. Na jambo lililowaudhi watu zaidi ni hili: Mikhailov aliwalipa. Aliwapa hela, akawaambia simama hapa, geuka, vua, nao wakafanya. Hajawahi kulificha hilo.

Maneno ya haraka ni kusema huu ni unyonyaji, ukafunga ukurasa. Nilitaka kusema hivyo. Kisha nikakumbuka elfu tatu zangu na yule shosho ambaye hakupata hata shilingi, nikaona nirudi nizitazame tena.

*

Kwanza, picha hizi hazidanganyi kuhusu zilivyopatikana. Picha nyingi za umaskini tulizozizoea zinajifanya mpiga picha hakuwepo. Mtoto analia, mama anatazama mbali, inzi wanatua, na sisi tunaona kama tumechungulia dirishani. Kumbe kuna mtu alisema songa kidogo, kuna gari la shirika nje ya fremu, kuna kijana kama mimi ametoa gauni kwenye picha. Kwa Mikhailov pozi linaonekana. Unajua kabisa kwamba biashara imefanyika kati ya watu wawili ambao nguvu zao hazilingani. Ukiona aibu, ni aibu yenye taarifa ndani yake.

Pili, rangi. Sebastião Salgado wa Brazili alipopiga njaa ya Sahel mwaka wa 1984 na 1985, akifuatana na Madaktari Wasio na Mipaka, alitumia nyeusi na nyeupe, na picha zake ni nzuri mno. Mwanga unashuka juu ya walio na njaa kama kwenye vioo vya kanisa. Siwezi kusema hazina maana, zimeniliza. Lakini uzuri ule unampa mtazamaji mahali pa kupumzikia. Case History haina kiti cha kukalia. Ni rangi za kawaida, ngozi nyekundu kwa baridi, theluji chafu, sweta za plastiki za rangi ya waridi. Hakuna anayegeuzwa mtakatifu.

Tatu, alikuwa anapiga mji wake. Hakushuka na ndege akaondoka kesho yake. Alitembea mitaa aliyokulia, pamoja na mkewe Vita, akipiga picha za watu ambao kama mambo yangeenda vingine angekuwa mmoja wao. Alikwishaona nchi ikificha njaa na mateso kwa miongo mingi kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuyapiga picha. Safari hii akaamua ushahidi uwepo.

Basi nampa hizo tatu. Lakini kuna jambo moja haliniachi. Wale watu kwenye theluji wamevaa, au wamevua, kile alichotaka yeye. Mwaka wa 2011 picha hizo zilitundikwa katika jumba la MoMA, New York, na sidhani kuna hata mmoja wao aliyepanda ndege kwenda kujitazama. Ukiuliza yule mwanamke mzee angependa aonekane vipi kama angeachiwa nusu saa ajitayarishe, kitabu hakina jibu. Inawezekana angevua, kwa hasira, kuonyesha dunia alichofanyiwa. Inawezekana pia angechana nywele na kutafuta koti la jirani. Mikhailov aliwavua watu wake na mimi nilimvisha shosho matambara. Tumepita njia tofauti, lakini wote wawili tulikuwa tumeshaamua mbele ya mlango kabla mwenye nyumba hajatoka.

*

Sasa utauliza, Kharkiv na Siakago wapi na wapi?

Sisi hatukuwa Sovieti, lakini tulikuwa tumefungwa kwenye kamba ileile. Miaka yote ya vita baridi serikali ya Nairobi ilipewa misaada kwa sababu ilikuwa upande "mzuri," na mradi ilibaki upande huo, wafadhili waliangalia kando. Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989. Novemba 1991 wafadhili walikutana Paris wakasimamisha misaada kwa Kenya, na Desemba mwaka huohuo, mwezi uleule Sovieti ilipozikwa rasmi, Kifungu cha 2A kikafutwa na vyama vingi vikarudi. Hiyo ndiyo sehemu tunayoisoma shuleni, sehemu ya ushindi.

Sehemu nyingine tunaisikia nyumbani. Kuanzia Desemba 1989 hospitali za umma zilianza kutoza ada. Mwaka wa 1991 wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma wakaanza kuchangia karo. Wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa kwa maelfu. Viwanda vya nguo kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vikazama, na soko likajaa mitumba. Kila familia hapa Embu ina mjomba aliyerudi kutoka mjini miaka ya tisini na godoro moja na redio, akasema amekuja kupumzika kidogo, akapumzika mpaka leo. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, na nikifuata uzi wa hiyo karo nyuma unanifikisha kwenye miaka ileile.

Kwa hiyo jina lile la faili la mgonjwa lilinigusa pahali. Hata sisi tuna faili. Swali ni nani alitupiga picha tulipokuwa tunaugua.

Dunia ilikuwa na kamera zake. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, ndiye aliyepiga picha za video za njaa kule Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, zikazunguka dunia na kuchangisha mamilioni. Mwaka wa 1993 Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga ile picha ya Ayod, Sudan Kusini, ya mtoto aliyeinama chini na tai akiwa nyuma yake. Ikampa tuzo ya Pulitzer mwaka wa 1994, na miezi michache baadaye alijiua. Picha hiyo mmeiona. Wasichojua wengi ni kwamba dunia ilizoea kumwita yule mtoto msichana. Miaka mingi baadaye waandishi wa Uhispania walikwenda kuulizia kijijini, wakaambiwa alikuwa mvulana, na kwamba njaa ile haikumuua, alikufa akiwa mkubwa. Mtu aliyetazamwa na mamilioni, na hatukujua hata kama ni wa kike au wa kiume! Siwalaumu waliotuma hela. Nasema tu kwamba picha inaweza kufanya kazi yake yote bila kumjua mtu aliye ndani yake, na tukaiita ushahidi.

Wakati huohuo kulikuwa na kamera nyingine ambazo hazikupewa tuzo. Pale kivukoni Likoni, Mombasa, wapiga picha walikuwa wamejenga vibanda vya mbao vyenye mapazia yaliyochorwa: meli, ndege, maghorofa, maua. Wateja wao walikuwa mara nyingi vijana wa bara waliokwenda Pwani kutafuta kazi, waliotaka kutuma picha nyumbani kuonyesha kwamba mambo yanaendelea. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend ameandika kuhusu vibanda hivyo. Ukitazama picha za Likoni kwa macho ya shirika, utasema ni uongo mtupu, kijana hana hata nauli na amesimama mbele ya ndege. Lakini hebu jiulize anayedanganywa ni nani. Mama yake kijijini anajua kabisa ile ndege ni ya rangi. Anachosoma pale ni kwamba mwanangu yuko hai, shati lake ni safi, na bado ana kitu anachokitamani. Hiyo pia ni taarifa kuhusu umaskini. Ni taarifa ambayo mpiga picha wa njaa hawezi kuipata, kwa sababu hajawahi kuiuliza.

*

Sasa nifike kwenye kitabu kilichofanya niandike makala hii.

Septemba 1997, miezi ileile Mikhailov akiwa kwenye mitaa ya Kharkiv, mpiga picha anayeitwa Lana Wong alishirikiana na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, wakawapa wavulana na wasichana 31 wa umri wa miaka 12 hadi 17 kamera za plastiki za bei rahisi. Kila wiki walirudi na filamu. Mwaka wa 1999, mwaka uleule wa Case History, picha zao zikatoka kama kitabu London, jina lake Shootback.

Viweke hivi vitabu viwili kando kwa kando. Vina umri mmoja na mada moja: watu walioachwa nje wakati dunia ilipobadilisha bosi. Kimoja ni cha fundi aliyekomaa, anayejua kila hila ya historia ya picha. Kingine ni cha watoto ambao wengi wao hawakuwahi kushika kamera. Na ukinishurutisha nichague kipi kinanipa habari zaidi za umaskini, nitasema cha watoto, ingawa Mikhailov ni msanii mkubwa kuliko wote kwa pamoja.

Si kwa sababu watoto walipiga picha nzuri zenye matumaini. Hapo ndipo watu huwa wanakosea. Hawakuficha mitaro wala pombe wala vurugu. Lakini hawakuona haja ya kuchagua. Uchafu na mchezo, dada na jalala, viko pamoja kwenye filamu moja kwa sababu viko pamoja kwenye siku moja. Mtoto haendi nyumbani kwao kutafuta "umaskini," anaenda kula. Na picha zimebeba majina ya waliozipiga. Mmoja wao, Julius Mwelu, alikuja kuwa mpiga picha wa kazi na kuanzisha wakfu wa kuwafundisha watoto wengine palepale Mathare.

Sikisifu kitabu hicho bila kikomo. Kimechapishwa London, kwa Kiingereza, kwa bei ambayo mzazi wa Mathare hangeitoa, na wazo lenyewe lilitoka kwa mgeni. Kamera zikigawanywa, bado swali la nani anachagua picha za mwisho linabaki mezani kwa mhariri. Ila kuna mlango uliofunguka pale ambao sijauona kwa Mikhailov. Aliye ndani ya picha na aliye nyuma yake wanalala mtaa mmoja, na kesho yake mmoja anaweza kumuuliza mwenziwe, "Ile yangu ilitoka aje?"

Nafikiri ndiyo sababu Picha Mtaani, maonyesho ya barabarani ya Boniface Mwangi baada ya ghasia za 2007 na 2008, yaligusa watu vile. Picha zilikuwa kali, damu na moto. Lakini zilitundikwa mbele ya watu waliokuwemo, kwenye miji yao, barabarani, bila tiketi. Mtu alisimama akajiona, au akamwona jirani yake na panga. Picha ilirudi nyumbani kujibu maswali.

*

Nisije nikaeleweka vibaya, sisemi kila mtu apigwe na nguo ya Jumapili. Picha ya Jumapili tupu pia ni ya serikali. Tulikuwa na miaka ambayo taarifa ya habari ilianza na rais amekwenda wapi na kuishia na rais amerudi. Leo kurasa za viongozi zimejaa kukata utepe na kufungua bomba, na hakuna anayerudi mwezi wa pili kupiga picha bomba likiwa limekauka. Sovieti nayo ilikuwa na nguo nyingi za Jumapili, na Mikhailov alijitolea maisha yake kuzivua. Katika hilo yuko sahihi. Tangi la shosho lilikuwa tupu kweli. Kama hakuna mtu angelionyesha, lingebaki tupu kimyakimya.

Kosa langu halikuwa kupiga tangi. Nilikuwa nimesimama mbele ya picha kamili nikaivunja vipande viwili, nikatupa kimoja.

Fikiria. Mwaka ule mtungi mmoja wa maji ulikuwa unauzwa, na shosho alikuwa anahesabu vikombe. Gauni lilikuwa limefuliwa. Kola nyeupe ilikuwa nyeupe. Maana yake kuna siku mwanamke yule alikaa na maji yake machache akaamua haya ni ya kunywa, haya ya mbuzi, na haya ni ya gauni. Makaa ya pasi nayo yana bei. Kama ungetaka kumweleza mtu wa London au wa Kilimani ukame ni nini hasa, unakata nini na unakataa kukata nini, jibu lilikuwa limesimama mlangoni likinisalimia. Mwanamke nadhifu kando ya tangi tupu, ndani ya fremu moja. Mtazamaji angelazimika kujiuliza hayo maji yalitoka wapi. Mimi nikampunguzia kazi. Niliona hataweza kubeba mambo mawili kwa wakati mmoja, nikamkabidhi moja lililo jepesi.

Hapo ndipo nampima kila mpiga picha wa maisha magumu siku hizi, awe wa Kharkiv, Mathare au mtaani kwenu. Siulizi kama ameonyesha uchafu au usafi. Nauliza kama amemwachia mtu aliye mbele yake nafasi ya kupingana na picha. Mikhailov anapita pale ambapo watu wake wanacheka na kukumbatiana bila kuambiwa, wakimtoroka mwelekezi. Anaanguka pale ambapo mwili umekuwa tu ushahidi wa mwili. Carter alipiga na kuondoka, na tai akapewa nusu ya fremu. Fundi wa Likoni anapita karibu kila mara, na hakuna jumba la sanaa lililompigia simu.

*

Ile picha yangu ilitumika. Iliwekwa kwenye ripoti, halafu kwenye bango, na mtu fulani alinitumia akisema hongera, kazi safi. Chini yake hakukuwa na jina la shosho wala langu. Kulikuwa na neno "mkazi."

Mwaka wa 2024 shosho akafariki. Mjukuu wake alikuja na boda usiku kuniuliza kama nina picha yake, kwa sababu programu ya mazishi ilikuwa inaenda kuchapishwa asubuhi na hawakuwa na picha yoyote isipokuwa ile ndogo ya kitambulisho, iliyofutika. Nikafungua laptopu. Nilikuwa na kumi na nne, zote za sweta na mtungi. Akazitazama moja baada ya nyingine. Hakusema neno. Mwishowe akauliza, "Hakuna yenye amevaa?"

Tulienda saiba asubuhi. Kijana wa pale hakuuliza maswali, kazi hiyo anaifanya kila wiki. Alikata kichwa, akatupa mtungi, akatafuta kwenye mafaili yake suti ya kike ya rangi ya damu ya mzee, akaipachika shingoni, akaweka bluu nyuma na waridi pembeni. Dakika kumi na tano, shilingi mia mbili. Shingo haikukaa sawa kabisa. Kwenye matanga watu walishika ile programu wakasema, ona vile shosho alikuwa smati. Hiyo suti hakuwahi kuiona maishani.

Gauni la bluu nilimuuliza binti yake baadaye. Aliniambia ndilo walilomvalisha kwenye jeneza.

Mwaka huu nimepigiwa simu na kundi lingine, watu wapole, wana bajeti, wanataka picha za wanawake na maji. Nikawaambia nitakuja, ila mama atavaa anachotaka, na nitampa nakala ya picha kabla yenu. Wakasema ni wazo zuri sana, watajadili kisha wanipigie. Hiyo ilikuwa Februari. Bado nangoja.